Mtoto Yu Mzima. Na Mama Je?

Mtu afikaye Misisi kwa barabara itokayo Fizi na Lulimba kwenda Kalemie husikia sauti ya vyuma kabla hajaingia mjini. Ni wanawake wanaotwanga mawe yaliyotolewa mashimoni, wapate unga wa kuosha na kutafuta humo chembe za dhahabu. Mara nyingi miongoni mwao yumo mmoja aliyejifungua juzijuzi. Mtoto wake amelazwa kando yake juu ya kitenge, na vumbi linawaangukia wote wawili. Mpita njia akisimama kumwamkia, huuliza, “Mtoto hajambo?” Mama hujibu, “Hajambo.” Basi, maneno yamekwisha, na kila mtu hushika njia yake. Hakuna aulizaye swali la pili.

Leo, wasomaji wapenzi, nataka tuliulize swali hilo la pili: na mama je?

Jioni moja alinijia msichana niliyepata kumfundisha darasa la sita. Sasa alikuwa ameolewa, na mtoto wake wa kwanza alikuwa na majuma matano. Mume wake alikuwa mashimoni, na mama yake mzazi yuko mbali, upande wa Kalemie. Aliniomba nimwandikie barua, aitume kwa dereva wa lori. Nikamwambia kwa mzaha, “Mwanangu, si nilikufundisha kuandika mimi mwenyewe? Tena siku hizi simu zipo.”

Akajibu, “Kwa simu nitalia, Mwalimu, na Mama atafikiri mtoto amekufa. Na kuandika, mkono hautaki.”

Nikaandika habari za mtoto: ananyonya vema, ameongezeka uzito, amepewa jina la babu yake. Kisha nikauliza, “Na juu yako niandike nini?” Alinyamaza kitambo kirefu, macho yake yakitazama chini. Mwishowe akasema, “Andika kwamba mtoto yu mzima. Juu yangu usiandike neno.”

Nami, mtu niliyesoma miaka mingi, sikutambua nililolisikia. Nilimwasa awe na subira, nikamkumbusha kwamba kila mwanamke hupata taabu hizo, nikaikunja barua. Baada ya siku tatu majirani walimkuta ameketi nje katika mvua, na mtoto analia ndani ya nyumba. Wengine walisema amerogwa, wengine wakasema ni mvivu asiyempenda mtoto wake. Hakuna aliyesema kwamba ni mgonjwa. Habari zake nitazimaliza mwishoni. Kwanza yafaa tujue ugonjwa wenyewe.

HALI TATU ZISIZOFANANA

Mwanamke akiisha kujifungua, mwili wake hubadilika ghafula. Homoni zilizopanda kwa muda wa miezi 9 hushuka katika siku chache tu. Hapo tena hakuna usingizi, maziwa yanaanza kujaa, na kidonda bado kinauma. Kwa hiyo wengi, yapata siku ya 3 hata ya 5, hulia bila kujua sababu, hukasirika upesi, kisha hucheka tena. Hali hii ya kwanza si ugonjwa. Kwa kawaida huisha yenyewe kabla ya majuma 2 kupita, nayo dawa yake ni usingizi, chakula na maneno ya upole.

Hali ya pili ndiyo ugonjwa. Kwa Kiswahili cha vitabu huitwa sonona. Huzuni haiondoki baada ya majuma 2, bali huzidi. Mama hapendezwi na jambo lolote, hata lile lililomfurahisha zamani. Hapati usingizi hata mtoto akilala, chakula hakimwingii, humtazama mtoto wake kama mtoto wa jirani, hujilaumu na kusema kwamba yeye ni mama mbaya. Wengine huwa na hofu isiyokoma, wakiamka mara kumi usiku kuangalia kama mtoto bado anapumua. Ugonjwa huu waweza kuanza katika mimba, au wakati wowote katika mwaka wa kwanza baada ya kuzaa.

Hali ya tatu ni adimu, huwapata wanawake 1 au 2 katika kila wazazi 1,000, lakini ni ya hatari kuu. Huja upesi, mara nyingi katika majuma 2 ya kwanza. Mama husikia sauti zisizokuwapo, huona visivyoonekana, husema maneno yasiyoshikamana, hukesha usiku baada ya usiku, na pengine huamini kwamba mtoto wake si mtu. Huyu haponi kwa kungojewa. Yampasa apelekwe kwa mganga wa hospitali siku ile ile. Tena kumbukeni neno moja muhimu: si kila mzazi anayepayuka ana ugonjwa wa akili. Homa ya uchafu wa kizazi, malaria iliyopanda kichwani, na kifafa cha uzazi huweza kumchanganya mtu vivyo hivyo, na kumwua kwa saa chache. Hii ni sababu nyingine ya kwenda hospitali kwanza, kabla ya kutafuta mchawi ni nani.

SI UGONJWA WA WAZUNGU

Wako watu wanaosema kwamba mambo haya ni ya Ulaya, na kwamba mwanamke Mwafrika ana nguvu, hana nafasi ya kuhuzunika. Neno hili limepimwa, nalo limeonekana si kweli.

Katika miaka ya 1970 daktari mmoja Mwingereza, John Cox, alifanya kazi Uganda, akachunguza wanawake Waganda waliokuja kwenye kituo cha afya cha Kasangati, karibu na Kampala. Aliona kwamba katika wale aliowapima baada ya kuzaa, yapata 10 katika kila 100 walikuwa na sonona. Waganda wenyewe walikuwa na jina la zamani, amakiro, la wazimu unaompata mzazi, nao walidhani unatokana na uasherati wa wakati wa mimba. Yaani watu waliuona ugonjwa, ila sababu waliyoitoa ilimwongezea mgonjwa aibu juu ya maumivu. Baada ya kurudi kwao, Cox na wenzake walitunga maswali 10 mafupi ya kuutambua ugonjwa huo, wakayatoa mwaka 1987. Yanaitwa kipimo cha Edinburgh, na leo hutumika katika nchi nyingi za dunia. Mara nyingi tunadhani maarifa hutoka Ulaya kuja kwetu; hapa mwenye kutunga kipimo alikuwa amewasikiliza kwanza mama wa Kasangati.

Katika nchi yetu ya Kongo vilevile, wataalamu waliwauliza wanawake wa Kinshasa ni taabu gani huwapata wazazi, wakatoa habari zao mwaka 2008. Wanawake hawakuhitaji kufundishwa jina. Walikuwa nalo tayari: maladi ya souci, ugonjwa wa mahangaiko. Dalili walizozitaja zilikaribia sana zile zilizoandikwa katika vitabu vya waganga.

Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba ulimwenguni pote wanawake yapata 13 katika kila 100 waliojifungua hupatwa na ugonjwa wa akili, hasa sonona. Na katika nchi zenye mapato madogo idadi hiyo hukaribia 20. Basi katika kanisa lenye wazazi wapya 10 walioleta watoto kubatizwa, huenda 2 wamekuja na mzigo ambao hakuna aliyewasaidia kuutua.

KWA NINI HASA KWETU?

Wazee wetu hawakuwa na neno sonona, lakini walikuwa na desturi iliyolinda. Binti akikaribia kuzaa, alirudi kwa mama yake, au mama yake alimjia. Shangazi alipika uji, nyanya alimwogesha mtoto, wadogo walichota maji. Mzazi alikaa ndani siku nyingi, kazi yake ni kunyonyesha na kulala. Sisi vijana tuliokwenda shule tulidhani ni uvivu uliohalalishwa. Sasa twaona ilikuwa hekima.

Misisi imekata kamba hiyo. Dhahabu imewaita watu kutoka Uvira, Bukavu, Maniema na Kalemie, na wengi wamekuja wawili tu, mume na mke, bila ukoo. Nyumba ni ya udongo na shitingi, kodi inadaiwa kila mwezi, maji yananunuliwa. Mume akiwa kwenye mashimo ya Akyanga, aweza kukaa siku nyingi bila kurudi, na akirudi pengine hana kitu. Mwanamke hawezi kulala siku 40 akingoja uji wa shangazi aliye Kindu. Majuma 2 baada ya kuzaa amerudi kutwanga mawe.

Ongezeni juu ya hayo vita. Fizi imeona miaka mingi ya bunduki. Wako waliokimbia kwao usiku wakiwa na mimba, wako waliozika mtoto wa kwanza njiani, wako waliopata mimba kwa kulazimishwa, na wako wasichana ambao mtu aliyewapa mimba alihamia machimbo mengine. Wataalamu wametaja yanayozidisha hatari ya ugonjwa huu: umaskini, kukosa msaada wa mume na ndugu, kupigwa, kufiwa, ujana mno, na huzuni iliyoanza kabla ya kuzaa. Nani kati yetu hawezi kuyaonyesha yote kwa kidole, nyumba kwa nyumba?

WANAPONA

Sasa nataka kuleta habari njema, maana ugonjwa huu una tiba, na sehemu kubwa ya tiba hiyo haihitaji nyumba ya mabati mapya wala mashine.

Katika vijiji vya Pakistan, daktari Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wanawake wa kawaida wanaotembelea nyumba kwa kazi ya afya, wenye masomo ya sekondari tu, jinsi ya kuzungumza na mama mwenye sonona. Mafunzo yalikuwa ya siku chache. Kisha waliwatembelea mama hao mara 16, tangu mwezi wa mwisho wa mimba hata karibu mwaka baada ya kuzaa. Walimsikiliza, wakamsaidia kutambua mawazo yanayomdanganya, kama lile la “mimi ni mama mbaya”, wakashauriana naye jambo dogo la kufanya kabla ya kuonana tena, wakawaita na jamaa washiriki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Mtoto alipofika miezi 6, katika mama 100 waliotembelewa hivyo, 23 walikuwa bado na sonona. Katika wale waliotembelewa kwa namna ya kawaida, walikuwa 53. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha mafunzo hayo, kitumiwe na nchi zote.

Mtu atasema, “Pakistan ni mbali, tena hawana vita vyetu.” Basi na tuje Kivu. Mwaka 2013 zilitolewa habari za kazi iliyofanyika Kivu Kusini na Kivu Kaskazini kwa wanawake waliotendewa jeuri ya kijinsia. Hawakuwa wazazi wapya wote, lakini taabu zao za moyo zinakaribiana na hizi. Wanawake Wakongo, wasio madaktari, walifundishwa kuongoza makundi madogo ya wenzao, wakikutana mara kwa mara na kujifunza kuyapima mawazo yao. Katika vijiji vingine wanawake walipata msaada wa mmoja mmoja tu. Miezi 6 baadaye, waliobaki na dalili za sonona au hofu kubwa walikuwa 9 katika 100 upande wa makundi, na 42 upande wa pili. Na vita havikuwa vimekwisha! Umaskini ulikuwa pale pale. Lakini roho zilipata nafasi ya kupumua. Kidole kimoja hakivunji chawa.

KILA MTU NA KAZI YAKE

Wewe baba, kazi yako ni ya kwanza. Usiseme, “Mke wangu amebadilika,” ukaenda zako. Chota maji, tafuta kuni, mbebe mtoto saa mbili ili mama yake alale. Saa mbili za usingizi ni dawa. Ukimpa kila siku umemtibu zaidi ya udhaniavyo. Ukipata dhahabu kidogo, chakula cha mzazi kitangulie pombe na deni la rafiki. Na ukimpiga mkono, jua kwamba umeuongeza ugonjwa kwa mkono wako mwenyewe.

Wewe mama mkwe, wewe jirani uliyezaa saba, usimpime kwa kipimo chako. Neno “sisi tulizaa, tukaamka” halijamwamsha mtu yeyote. Nenda, keti, mwulize kwa upole: “Mwanangu, tangu majuma mawili haya, moyo wako u hali gani? Bado kuna kitu kinachokufurahisha? Walala mtoto akilala?” Kisha nyamaza, usikilize. Akilia, mwache alie. Usikimbilie kumhubiria kama nilivyofanya mimi.

Ninyi wa mashirika ya Wakristu katika mitaa, mna jambo ambalo serikali haina: mnazijua nyumba. Mgonjwa wa miguu mnamtembelea, aliyefiwa mnamkesha. Mzazi mpya asiye na ukoo naye aandikwe katika zamu. Leo mmoja alete sombe, kesho mwingine afue nguo, kesho kutwa mwingine akae naye tu. Bikira Maria alikaa kwa Elizabeti karibu miezi mitatu. Injili haisemi kwamba alikwenda kumpa mawaidha.

Na ninyi wakunga na wahudumu wa afya wa vijijini: siku mama aletapo mtoto kwa chanjo na mizani, mwangalieni na mama. Mtoto hupimwa kilo. Mama naye apimwe kwa maswali mawili matatu. Mama akikosa damu, atibiwe, maana upungufu wa damu huleta uchovu unaofanana na sonona. Akihitaji dawa za sonona, mganga aweza kuchagua zile ambazo mwenye kunyonyesha huruhusiwa kuzitumia. Kwa hiyo mama asiogope kusema kwa hofu ya kuambiwa amwachishe mtoto ziwa.

IKIFIKA HATARI

Mama akisema kwamba heri afe, au kwamba mtoto angekuwa na raha bila yeye, msimcheke wala msimkemee. Mwulizeni wazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo; humpunguzia upweke. Asiachwe peke yake hata kidogo, mchana wala usiku. Visu, dawa za wadudu na vidonge viondolewe nyumbani. Mtoto akae mikononi mwa mtu wa kuaminika, karibu na mama yake. Kisha apelekwe kwenye kituo cha afya bila kungoja kesho, na kutoka hapo, ikibidi, kwenye hospitali ya Lulimba au Baraka.

Katika mkoa wetu hospitali ya maradhi ya akili ijulikanayo zaidi ni SOSAME ya Bukavu, inayoongozwa na watawa, Mabruda wa Upendo. Lakini Bukavu ni mbali, na tangu vita vilipouingia mji ule Februari 2025 safari hiyo si jambo la kutegemea. Hii yatufundisha kwamba msaada wa kwanza hauna budi kuwa hapa hapa, katika kituo cha afya na katika nyumba ya jirani.

Kumfunga kamba mgonjwa, kumnyima chakula ili “pepo atoke”, au kumfungia katika nyumba ya maombi majuma mazima, si imani. Mwenye imani aweza kusali na kumchukua mgonjwa hospitalini siku hiyo hiyo. Mambo haya mawili hayagombani.

BARUA YA PILI

Namalizia habari za yule msichana. Siku ile ya mvua mwanamke mmoja mzee, jirani yake, hakusimama kubishana kama ni uchawi au uvivu. Aliingia ndani akamchukua mtoto, akatoka akamshika mama mkono, akamkausha, akampa uji, akalala naye usiku ule. Asubuhi akamwandamana hadi kituo cha afya. Muuguzi alimkuta ana malaria na upungufu wa damu, akamtibu. Kisha akamwambia arudi kila juma, si kwa sindano, ila kwa kuzungumza. Wanawake wa mtaa wakapanga zamu. Mume aliitwa kutoka mashimoni, akaambiwa ukweli mbele ya wazee. Alikasirika kwanza, halafu akaanza kuchota maji.

Hakupona kwa siku moja. Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu, na mara mbili alirudi nyuma. Kama mwezi wa nne alinijia tena, mtoto mgongoni, akataka karatasi tu na kalamu. Aliketi kwenye dawati la watoto, akaandika mwenyewe, polepole. Alipomaliza alinionyesha mstari wa kwanza, ili nimsahihishie herufi. Alikuwa ameandika: “Mama, nilikuwa mgonjwa, sasa napata nafuu. Mtoto naye hajambo.”

Sikusahihisha kitu.

Basi, msomaji, juma hili ukikutana na mwenye mtoto mchanga, mwamkie mtoto kama ilivyo desturi. Kisha usiondoke. Uliza na swali la pili, ungoje jibu.